Jeki na Wanene

Shuka la hospitali likiwa kavu hata mtoto hulibeba. Likishalowa, likajisokota na wenzake ndani ya mashine, hugeuka kitu kingine kabisa: zito, baridi, lenye kuteleza, na lisilo na pa kushikwa. Kazi ya kuyatoa mashuka hayo kwenye mashine na kuyapakia kwenye toroli ilikuwa ya mwanamke mmoja mwenye mabega mapana na sauti ndogo, ambaye chumba kizima cha kufulia kilimwita Jeki. Jina hilo alilipata siku toroli lililojaa lilipozamisha gurudumu kwenye mfereji wa maji machafu. Wanaume wawili wa ghalani walikuwa bado wanabishana nani ashike wapi. Yeye akainama, akalinyanyua toroli upande mmoja, akaliweka sakafuni, kisha akarudi kwenye chai yake kabla haijapoa.

Nguvu hizo hazikutoka kwenye mashuka peke yake. Mtaa wa pili kutoka hospitali palikuwa na gereji ya malori, na nyuma ya gereji palikuwa na uwanja mdogo wa saruji, umeezekwa kwa mabati upande mmoja. Fundi mkuu wa gereji, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alikuwa mnyanyua vyuma enzi za ujana wake. Alipoona hawezi tena kunyanyua, aliamua kunyanyulisha wengine. Wote walimwita Kocha. Vifaa vyake vilitoka kwenye malori yaliyokufa. Mtaimbo wa kunyanyulia ulikuwa ekseli ya gari dogo. Uzito wa mwanzo ulikuwa gia zilizolika meno, nazo ziliitwa Sahani. Baada ya Sahani yalifuata Masufuria, na juu kabisa walikaa Wanene, yaani madramu mawili ya breki ya lori yaliyopakwa rangi nyeusi. Hapakuwa na mtu aliyesema ananyanyua kilo ngapi. Ungesikia tu fulani amefika Masufuria, au fulani anawaota Wanene.

Walioweza kuwanyanyua Wanene kutoka chini mpaka usawa wa mapaja walikuwa wachache, na aliyewanyanyua kila wiki, mwaka baada ya mwaka, alikuwa Jeki. Alikuwa na namna yake. Alipoanza kuvuta, bega lake la kulia lilishuka kidogo na kiuno kikapinda upande huohuo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye korido nyembamba. Vijana waliokuja kwa Kocha waliiona namna hiyo wakaamini siri iko hapo. Nao wakaanza kupinda. Jioni ungewakuta wamejipanga, kila mmoja na Sahani zake mbili ambazo hata dada zao wangezibeba, wote wameinamia kulia kwa nyuso za watu wenye siri kubwa. Wenyewe waliita Staili ya Jeki. Kocha hakuwakataza, maana hata yeye aliiona ni nzuri.

Jioni aliyoumia haikuwa na ajabu yoyote. Alikuwa ametoka kazini amechoka, lakini si kuliko siku nyingine. Aliwavisha Wanene kwenye mtaimbo kama kawaida, yule mwenye tundu pana kushoto, kwa kuwa ncha ya kushoto ya ekseli ilikuwa nene kuliko ya kulia na ndiyo iliyomfaa. Akashika, akavuta. Mtaimbo ulipofika magotini, alihisi kitu kikimwachia kiunoni, kama uzi wa mshono unaokatika. Vyuma vikaanguka. Yeye alibaki ameinama, mikono juu ya mapaja, akipumua kwa kuhesabia kila pumzi, na alipojaribu kunyooka, mguu wa kushoto ukawaka moto mpaka kwenye kisigino.

Walimlaza kwenye kibao chenye magurudumu, kile ambacho mafundi hukilalia wakiingia chini ya gari, wakamsukuma taratibu mpaka kwenye pikapu ya Kocha. Mmoja akasema ndiyo mara ya kwanza jeki kuwekwa juu na gari kukaa chini. Jeki akacheka, na kicheko kile kilimuuma kuliko vyuma.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili, na ndani yake aliishi na mumewe na mama mkwe. Mume alikuwa kinyozi, mwembamba kama kitana chake, na wateja walizoea kumtania kwamba alioa ili apate wa kumbeba mvua ikinyesha. Kinyozi hakujali. Mkewe alipolala chini kwenye godoro kwa kuwa kitanda kilikuwa kimebonyea, yeye ndiye aliyechota maji, akapika, akamvalisha viatu. Mama mkwe kwa upande wake alisimama mlangoni siku ile ya kwanza, akatazama, akasema neno moja tu: "Nilisema." Kisha akaenda kuchemsha maji ya kumkanda. Tangu hapo vyuma vya Kocha havikutajwa naye ila kwa jina la mavyuma yako, na neno yako alilivuta kidogo.

Hospitalini, safari hii kama mgonjwa, Jeki alipokelewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwenye umri wa mdogo wake, ambaye alimweleza kwa kutumia taulo lililokunjwa. Kati ya pingili mbili za chini za uti wa mgongo pana kitu laini kama mto. Mto wake ulikuwa umebenuka na kugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ungerudi, alisema, lakini kwa kutembea na kwa mazoezi, si kwa kulala. Basi Jeki akawa anafanya mazoezi sebuleni, amepiga magoti na kuweka viganja chini, anainua mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Mara ya kwanza mama mkwe alipomkuta hivyo, alimuuliza amepoteza nini ili amsaidie kutafuta.

Kazini walimhamishia kwenye meza ya kukunja. Alikaa karibu na mwanamke aliyelisha mashuka kwenye pasi kubwa ya rola, ambaye naye aliitwa Pasi, na aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu. Pasi alimwambia wamepata bahati, hospitali nyingine zina jeki za kufanya kazi, wao wana iliyoegeshwa. Jeki alitabasamu. Lakini macho yake yalikuwa upande wa pili wa chumba, ambako kijana mpya wa mashine alikuwa akigonganisha toroli na nguzo, akitukana kwa sauti ya chini. Jeki alikunja foronya. Foronya ya hospitali haina uzito wowote. Jioni alirudi nyumbani na mikono ambayo haikuchoka, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ugonjwa wa pili.

Miezi ikapita. Moto wa mguuni ukatoka kisiginoni ukaishia gotini, kisha ukaishia pajani, ukazimika. Siku moja yule mtaalamu alimwinamisha, akamgeuza, akamgonga magoti, akasema mgongo umepona na sasa anaweza kurudi kwenye vyuma. Aanze na theluthi ya uzito aliokuwa akinyanyua zamani.

"Ulikuwa unanyanyua kilo ngapi, mama?"

"Wanene," Jeki akasema. "Na Sahani moja kila upande."

Yule binti alimtazama, akingoja jibu. Alipoelewa kwamba jibu ndilo hilo, alicheka mpaka akaomba radhi, kisha akawa mkali kidogo. Aanze na mtaimbo mtupu. Lakini asiongeze chochote kabla ya kujua kila chuma kina uzito gani.

Jeki alikwenda kwa Kocha siku hiyohiyo. Vijana walimshangilia, wakampisha. Kocha alifuta mtaimbo kwa kitambaa chenye grisi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Jeki akasimama, miguu ikiwa upana wa mabega, akainama, akashika. Ekseli ile tupu aliwahi kuibeba begani kama ufagio. Sasa vidole vilikuwa vimeishika, lakini chini ya kiuno hapakuwa na mtu. Mapaja yakatetemeka. Jasho likamtoka puani. Alingoja mwili wake uanze, nao ukamngoja yeye. Uwanja ulinyamaza, na Kocha, ili kuuondoa ukimya, akachukua nyundo akaanza kugonga rimu ambayo haikuwa na kasoro. Jeki akaachia, akanyooka, akasema amekumbuka kitu nyumbani.

Nyumbani alimwambia mumewe mambo yamekwenda vizuri. Kinyozi alikuwa akisafisha mashine zake za kunyolea kwa brashi ndogo. Aliiweka brashi chini, akachukua mkono wa mkewe, akaugeuza kwenye taa. Kutu ya ekseli ya Kocha ilikuwa na tabia ya kuingia kwenye mistari ya viganja na kukaa humo, hata kwa sabuni ya hospitali, na yeye alikuwa ameizoea kwa miaka mingi.

"Mikono misafi sana hii," akasema, "kwa mtu aliyevuta vyuma."

Jeki akaketi. "Nilishika tu. Sikuvuta. Mgongo umepona, mume wangu. Mimi bado."

"Pole pole utarudi."

"Nirudi wapi? Wanene wale nimewabeba miaka. Siku ile sikuteleza, sikukosea kitu. Sasa kama sijui kilichonivunja ni nini, nitajuaje hakinisubiri palepale?"

Kinyozi aliendelea kuushika ule mkono msafi. Nyuma ya pazia mama mkwe alikohoa, kikohozi cha mtu ambaye hakuwa amelala na hakutaka kuonekana kwamba alisikia.

Siku zilizofuata Jeki alikunja foronya na kufikiri. Angeweza kuacha. Hakuna ambaye angemlaumu, na mama mkwe angefanya karamu. Lakini alijua kwamba akiacha kwa woga, ataendelea kuogopa kila kitu kilicho sakafuni: ndoo, mtungi wa gesi, mtoto wa jirani akinyoosha mikono. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kuinama bila kujiaga, kana kwamba hatainuka tena.

Wazo lilimjia akitazama mizani. Katika kila chumba cha kufulia cha hospitali pana mizani ya sakafuni, kwa sababu nguo chafu hupimwa kabla ya kuingia mashine. Alimwomba msimamizi ruhusa ya kuvipima vyuma vya Kocha hapo. Msimamizi, ambaye aliwahi kuokolewa na Jeki siku rafu ya sabuni ilipoanguka, alikubali kwa sharti moja, kwamba watandike shuka bovu kwanza, asije akaona grisi kwenye mizani yake.

Kocha alileta vyuma kwa pikapu zamu ilipoisha. Sahani zilipimwa, zikawa sawa. Masufuria yakapimwa, yakakaribiana. Kisha kijana wa mashine na Kocha wakamweka Mnene wa kulia, mshale ukapanda ukatulia. Wakamtoa, wakamweka wa kushoto. Mshale ukafika palepale, ukapapita.

Kocha akasema mizani imeharibika. Pasi, aliyebaki makusudi ili asipitwe na jambo, akasema mizani hiyo haina ubaya ila ukweli wake, akapanda mwenyewe kuijaribu na kuwakataza wote wasisome. Akashuka akiwa amenuna kidogo, akathibitisha kwamba iko sawa. Wakapima tena. Mnene wa kushoto alimzidi mwenzake kwa kilo saba.

Kocha alichuchumaa, magoti yake yakilia, akatoa ufunguo mfukoni akakwaruza rangi nyeusi ya yule wa kushoto. Chini yake ilitokea rangi ya bluu. Akamkwaruza wa kulia, ikatokea nyekundu. Akabaki amechuchumaa.

Kisha akaeleza, bila kuinua macho. Wanene wa kwanza walitoka kwenye lori moja. Mmoja alipasuka zamani sana, kabla Jeki hajawafikia. Akatafuta mwingine wa ukubwa uleule kwenye lori la aina nyingine, akawapaka wote wawili rangi nyeusi ili wapendeze. Kwa macho walikuwa pacha. Unene wa ndani hakuupima. Na kwa kuwa tundu la huyu mgeni lilikuwa pana, alikaa kushoto siku zote, siku zote. Ile waliyoiita Staili ya Jeki ilikuwa mwili wa mtu unaojitetea dhidi ya kilo saba.

"Ni mimi," Kocha akasema. "Mimi ndiye niliyekupinda."

Jeki alikuwa akitazama mashine kubwa ya kufulia. Kila mfanyakazi mpya aliyepita mikononi mwake alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: tandaza mashuka sawasawa pande zote, kwa sababu ukiyarundika upande mmoja, mashine ikianza kuzunguka kwa kasi itaruka, itatembea, na mwisho wake itang'oa boliti zake sakafuni. Alikuwa akiwakaripia watu kwa hilo. Halafu jioni alikuwa akitoka hapo kwenda kujirundika upande mmoja.

Alikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa na nafuu ndani yake, naye akaionea haya ile nafuu mbele ya mzee aliyechuchumaa. Mwishowe alimpa mkono ili ainuke. Alimvuta bila kufikiri. Walipokwisha kusimama wote wawili ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameinama, na ameinuka na mtu mzima mkononi, na hakuna kilichokatika.

Yule mtaalamu wa viungo aliposikia habari hizo hakukubali kuapa kwamba sababu ni hiyo tu. Alisema mgongo huumia kwa sababu nyingi zilizojazana, na mashuka mabichi ya mchana kutwa nayo yamo. Lakini mtu yeyote anayenyanyua hivyo kwa miaka lazima ajipinde, na mahali pa kujipinda ni palepale palipoumia. Kisha akamwambia kitu ambacho Jeki alikirudia kimoyomoyo njia nzima: kwamba mgongo dhaifu usingeuvumilia mzigo ule hata mwezi.

Jioni aliwasimulia mume na mama mkwe. Kinyozi alikasirika kwanza, akataka kwenda kwa Kocha kusema maneno, akakumbushwa kwamba Kocha amekwisha kujisema mwenyewe. Mama mkwe alinyoosha mgongo kwenye kiti chake. Siku yake ilikuwa imefika. Tangu mwanzo alisema ni mavyuma, wakamwona mshamba. Wote wakangoja aendelee, na kweli alivuta pumzi aendelee. Kisha akaiacha itoke bure.

"Kipi?" akauliza.

"Kipi nini, mama?"

"Hicho kilichokuumiza, mwanangu. Nataka nikione."

Wakaenda wote watatu Jumamosi. Kocha alikuwa ameshinda wiki nzima akisaga ncha za ekseli kwa tupa mpaka zikalingana, na kila chuma sasa kilikuwa na uzito wake ulioandikwa kwa chokaa nyeupe, hata zile Sahani. Vijana walikuwa kazini, wote wakipinda kulia kwa bidii. Kocha aliwaambia wanyooke. Mmoja akalalamika kwamba hiyo ndiyo staili, na Kocha akamjibu kwamba staili imefutwa na mwenyewe. Ilikuwa kazi kweli. Wengine wakinyooka walionekana kama wamepotea.

Mama mkwe alioneshwa Mnene wa kushoto, ambaye alikuwa ametengwa peke yake karibu na ukuta. Alimzunguka. Alimsukuma kwa ncha ya kiatu, asitikisike. Akatandika mtandio wake juu yake, akageuka, akamkalia.

Jeki akasimama mbele ya mtaimbo wenye Sahani moja kila upande. Kinyozi alitaka kusogea nyuma yake, kama alivyozoea miezi yote ile kumtangulia kwenye kila ndoo, kisha akaiweka mikono yake mfukoni akaifungia humo. Jeki akainama. Mapaja yakatetemeka tena, na kwa muda ikawa kama siku ile. Uwanja ukanyamaza, na safari hii Kocha hakugonga kitu. Jeki alitazama zile namba nyeupe, ya kushoto, ya kulia, zikiwa sawa. Akavuta.

Mtaimbo ulipanda. Ulipanda sawasawa, kitu ambacho kilimshangaza, kwa sababu bega lake la kulia lilianza kushuka lenyewe kwenda kumpisha mtu ambaye hakuwapo tena. Akalirudisha. Akasimama. Chuma kilikuwa chepesi, cha aibu, cha mtu wa siku ya kwanza, na machozi yakamlenga hata hivyo. Akakiteremsha taratibu, akakiinua tena, na mara ya tatu mapaja hayakutetemeka.

Akageuka kutafuta Masufuria. Kocha akatikisa kichwa: mtaalamu amesema wiki ijayo. Jeki akalalamika kidogo, na Kinyozi alipoyasikia malalamiko hayo akaitoa mikono mfukoni, maana hiyo ndiyo sauti aliyokuwa ameikosa nyumbani. Kisha macho ya mkewe yakaenda ukutani, kwa yule Mnene mweusi chini ya mtandio. Mama mkwe aliyaona yakija.

"Hata usimtazame," akasema, akijiweka sawa. "Huyu sasa ni kiti changu."

"Mama, siku moja Kocha atampatia mwenzake anayelingana naye. Nitamhitaji."

"Siku hiyo utakuja uniombe niinuke," mama mkwe akasema. "Mimi nitakuangalia unavyosimama, ndiyo niamue. Haya, rudia hicho chako kidogo. Nyooka."

Jeki akajipaka unga wa chaki viganjani, juu ya kutu, akarudi kwenye mtaimbo, akanyooka.